Kuandika ya moyoni hadharani bila kuvua stara

Simama dakika chache katika duka la leso, yaani khanga, Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, uangalie doti inavyochaguliwa. Mnunuzi ataikagua rangi, ataipapasa pamba yake, ataifunua aone pindo limepigwa sawa. Kisha ataisoma. Doti nzuri kuliko zote dukani inaweza kurudishwa rafuni kwa sababu ya maneno matano tu, maana maneno hayo yatasomwa na jirani, na wifi, na mke mwenza, na kila mmoja atajiuliza kama kijembe kile ni chake.

Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina, yaani hayo maandishi, hukaa kwenye kisanduku chembamba upande wa chini wa mji. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na ambalo leso zake hutambulika kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa yaliyoyasambaza majina hayo pwani. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Aliyejitanda leso hiyo hakuitunga sentensi; imechapwa kwa maelfu. Lakini asubuhi ile, akipita mbele ya mlango ule, imebeba uchungu wake yeye, na anayehusika anajua. Akikabiliwa, anaweza kujibu kwamba alipendezwa na rangi.

Wanaoandika maisha yao mbele za watu leo, iwe kwa stetasi ya WhatsApp, kwa Facebook, kwa makala au kwa shairi, wanatafuta kitu hichohicho: kulitoa la moyoni na bado wabakie na stara. Wengi hukikosa, na lawama huangukia adabu, eti watu wa siku hizi hawana haya. Maelezo hayo ni mepesi mno. Chombo kimebadilika, na anayekielewa chombo chake anaweza kuandika mambo mazito sana hadharani asijianike.

Fumbo lilivyokuwa likifanya kazi

Mvaaji wa leso anamwona anayemsoma. Anachagua siku, anachagua njia ya kupita, anachagua mlango. Ufunguo wa fumbo nao wanao majirani wachache wanaojua kisa. Mgeni aliyeshuka feri ya Likoni asubuhi hiyo anasoma methali tu. Na jioni leso hukunjwa, ikaingia kabatini, ugomvi ukapata nafasi ya kupoa.

Hata ushairi mkongwe wa mji huu ulitegemea ufunguo wa namna hiyo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kuhusu vita, siasa, mapenzi na mambo ya nyumbani, na watu wa Mombasa walijua analenga nani. Tungo zake tunazo kwa sababu Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, alizihifadhi na mmishonari Mwingereza William Taylor akaziandika. Baadhi ya mafumbo yake leo yanatutatiza kwa kuwa waliojua kisa wamekwenda nacho kaburini. Maneno yamebaki, ufunguo umepotea.

Kwenye simu mambo yamepinduka. Maneno hubaki, na ufunguo hubaki nayo: jina lako, picha yako, saa uliyoandika, orodha ya rafiki zako, chapisho lako la wiki iliyopita. Mtu asiyekujua kabisa anaweza kukaa Eldoret akaunganisha vipande hivyo akapata kisa kizima.

Nyumba za Mji wa Kale zinaonyesha vizuri kilichopotea. Nje kuna baraza ya mawe, ambapo mpita njia yeyote anaweza kuketi. Kisha daka, yaani kiingilio cha mlangoni, kisha ukumbi, kisha vyumba vya ndani. Kila mgeni huishia pale anapostahili, na hakuna anayehitaji kufukuzwa, kwa sababu nyumba yenyewe imeshawapanga watu. Chapisho la simu halina daka. Shangazi, mwajiri, mwanafunzi wako, mchumba wa zamani na muuza samaki wa Marikiti wote wanasoma sentensi ileile kwa wakati mmoja. Watafiti Alice Marwick na danah boyd, waliolichunguza jambo hili Marekani, waliliita kuporomoka kwa miktadha. Pwani tulikuwa na msemo wake kabla yao: kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Hapa ndipo neno faragha linapoeleweka vibaya. Watu huliona kama kufunga mdomo. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum, katika hoja aliyoitoa mwaka 2004, alilieleza kwa namna inayotufaa zaidi: habari huharibika inapotoka kwenye njia yake. Ugonjwa wako si siri kwa daktari wako, na ukimweleza hujapoteza kitu. Ugonjwa huohuo ukifika kwa mwajiri kupitia kwa karani wa zahanati, umevuliwa nguo. Waliojua wanaweza kuwa wachache tu katika hali zote mbili. Kilichotofautiana ni njia.

Andika mara mbili

Anayeandika la moyoni huwa na haja mbili, na huzichanganya. Ya kwanza ni kutua mzigo. Ya pili ni kusikilizwa. Ya kwanza haihitaji msomaji.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio lao mashuhuri. Wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Walioandika juu ya tukio chungu la maisha yao, wakataja lililotokea pamoja na walivyohisi, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hakuna aliyewapa "like". Kuandika kwenyewe ndiko kulikofanya kazi.

Kwa hiyo andiko la kwanza liwe la ndani. Dakika 15 kamili kila siku, kwa siku nne, kwenye daftari. Taja majina, tukana ukitaka, usisahihishe tahajia. Daftari ni bora kuliko simu kwa sababu moja ya wazi: programu nyingi za kuandikia kwenye simu hujinakili zenyewe kwenye akaunti, na akaunti hiyo huenda imefunguliwa pia kwenye tableti ya watoto au kompyuta ya ofisini. Tatizo la daftari ni nyumba yenyewe. Nyumba ya watu saba na kabati moja si mahali pa daftari, na hapo ni afadhali uandike, usome mara moja, uchane.

Msihadaike na ile huzuni ya siku za mwanzo. Ndiyo saa ambayo mkono huenda kwenye simu, kwa kuwa maneno yamekuja na yana moto. Andiko linalomhusu mtu aliye hai lilale siku tatu. Lisilomhusu mwingine, usiku mmoja watosha.

Andiko la pili ndilo la watu, nalo huandikwa upya. Ukichukua la kwanza ukalipunguza, vipande vya ndani hubaki vimejificha. Mfano mmoja, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

"Mume wangu wa miaka tisa, anayefanya kazi bandarini, ameoa mke wa pili Bamburi bila kuniambia. Nimejua Jumamosi kwenye harusi ya binamu yangu Kisauni. Na leo niko hapa Likoni nafundisha Gredi ya 4 machozi yananitoka. Dada yake alijua muda wote."

Hakuna jina hata moja. Mwandishi angeapa kwamba amejificha. Sasa hesabu. Walimu wa Gredi ya 4 Likoni ni wachache. Wenye waume bandarini ni wachache zaidi. Waliokuwa kwenye harusi ya Kisauni Jumamosi ile, pengine mmoja. Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Kwenye mtaa ambamo watu wanajuana, vitu viwili vinatosha. Na tazama ni wangapi wameanikwa humo: mume, mke mpya ambaye huenda naye hakuambiwa ukweli, wifi, na watoto wa darasa watakaorudi nyumbani na habari za mwalimu.

Andiko la pili lingeweza kuwa hivi:

"Kuna uchungu wa kugundua kwamba watu mnaokula sahani moja walikuwa na habari yako kabla yako. Unaanza kukumbuka kila chai mliyokunywa pamoja tangu walipojua, na kila chai inageuka ladha. Asubuhi unakwenda kazini, unasahihisha madaftari, unatia tiki, na ukiulizwa umetia tiki nini hujui."

Mahali pamekwenda, siku imekwenda, ukoo umekwenda. Madaftari yamebaki kwa sababu walimu wa nchi hii ni maelfu kwa maelfu, na tiki ile ina kazi. Ndoa yenyewe haikutajwa. Msomaji aliyefiwa, aliyeibiwa na mshirika wa biashara, aliyefichwa ugonjwa wa mamake, wote wataingia. Andiko la pili limesema mengi zaidi ya moyoni kuliko la kwanza; lile la kwanza lilikuwa na habari nyingi tu.

Kuna njia ya mkato inayoharibu kila mara, nayo ni kubadilisha badala ya kuondoa. Mtu hugeuza mume kuwa kaka, au huanza na "rafiki yangu mmoja". Wanaokujua hawadanganyiki, na wasiokujua wanaanza kumtafuta huyo kaka. Umemzushia mtu asiyehusika. Ondoa, usihamishe.

Fumbo la stetasi nalo lina hitilafu yake. "Wengine wana sura mbili" kwenye leso lingemfikia mmoja. Kwenye stetasi linawafikia watu 200 waliohifadhiwa kwenye simu yako, kumi kati yao wana dhamira isiyotulia, na kila mmoja wa hao kumi atalala na maumivu yasiyo yake. Uliyemlenga huenda hakufungua. Au amefungua na hujui: akiwa amezima alama za kusomwa, jina lake halitokei kwenye orodha ya waliotazama. Kwa hiyo umeumiza wasiohusika na huna hakika kama ujumbe umefika. Kwa jambo la mtu mmoja, njia ni kumpigia.

Mfano wa kazi iliyofanywa vyema tunao tangu mwaka 1858. Mwana Kupona, mshairi wa pwani, alimwandikia bintiye utendi, yaani shairi refu, akiwa mgonjwa. Ni wasia wa mama kwa mwanawe, jambo la ndani kabisa, na humo anataja hata alivyoishi na marehemu mumewe. Lakini amelipa umbo la utendi, na kuelekea mwisho anawaalika wanawake wengine walisome. Ukilisoma lote hukuti neno la kumwaibisha binti. Alijua kwamba wengine watasoma, akachagua yapi ya kusema.

Kisa chako kina watu ndani yake

Shida kubwa ya kuandika maisha yako ni kwamba hayakai peke yake. Huwezi kueleza ulivyolelewa bila kumtaja mama, wala talaka bila mtalaka. Katiba ya Kenya ya 2010 inaweka pande mbili za mvutano huu karibu karibu: Kifungu cha 31 kinalinda faragha, zikiwemo habari za familia zisifichuliwe pasipo sababu, na Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, kisha kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine.

Wengi hujitetea kwa neno moja: "Lakini ni kweli." Utetezi huo una mahali pake, na hapa panahitaji utulivu. Katika kashfa, ukweli ni kinga. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini aliyechafuliwa jina bado anaweza kukudai fidia, na ukithibitisha ulichosema ni kweli unasalimika. Katika faragha mambo ni kinyume. Malalamiko ya faragha huanzia pale ambapo habari ni ya kweli. Ukiandika kwamba shemeji yako ana ugonjwa fulani na kweli anao, ukweli huo ndio uliomuumiza.

Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mwanamke wa Sweden aliyejitolea kanisani. Aliweka kwenye intaneti habari za wenzake, kwa nia njema, na mojawapo ilikuwa kwamba mwenzake mmoja ameumia mguu na anafanya kazi nusu muda. Mahakama ilisema mguu ule ni habari ya afya, na kwamba kitu kinachofunguliwa kwa watu wasio na idadi hakiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, ya mwaka 2019, nayo huacha nje shughuli ambazo ni za binafsi au za nyumbani tu. Mtu anayejitetea kwa hoja ya nyumbani na ameandika kwa dunia nzima amesimama pabaya.

Watoto ndio wanaosahaulika. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kilabu kimoja cha burudani kilitozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Mzazi anayeandika habari za mwanawe yuko ndani ya idhini yake mwenyewe, ila mtoto atakua na andiko atalikuta. Kukojoa kitandani, kufeli mtihani, kulia kliniki: hayo ni yake. Picha ikionyesha sare yenye nembo ya shule na lango la nyumba, imeshamweleza mgeni mtoto anashinda wapi na analala wapi.

Picha za utupu au za faragha za mtu mwingine hazina mjadala. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mitandao inaweka faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote.

Milango ya simu

Kamera nyingi za simu huandika ndani ya picha saa iliyopigwa na, kama huduma ya mahali imewashwa, latitudo na longitudo za pale ulipo. Zima kwenye mipangilio ya kamera yenyewe. WhatsApp huondoa habari hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati ili ubora usipungue, kila kitu husafiri nayo, pamoja na nyumba yako.

Facebook huweza kubaki na hadhira uliyoitumia mara ya mwisho. Ukiandika tangazo la msiba kwa umma leo, tazama ile alama ndogo kabla ya kuandika ya moyoni kesho. Na ukimtia mtu tagi, rafiki zake nao wanaweza kufunguliwa mlango.

Stetasi ina machaguo matatu: wote ulionao, wote isipokuwa fulani, na hawa tu. Tumia la tatu. La pili huvuja kila unapohifadhi namba mpya, kwa kuwa mgeni huyo anaingia moja kwa moja. Kufutika baada ya saa 24 hakumzuii mtu kupiga skrinshoti, na hutaarifiwa.

Usimbaji wa ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke njiani, hulinda njia. Aliyepokea haumlindi wala haumzuii. Tena nakala ya akiba inayokwenda kwenye akaunti yako haisimbwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe, kwenye mipangilio ya gumzo, kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, nakala hiyo haifunguki.

Likishatoka

Kabla ya kufuta, piga skrinshoti inayoonyesha tarehe na anwani ya chapisho, hasa kama aliyeandika ni mwingine na wewe ndiye uliyeanikwa. Watu hufuta au hufutiwa kwanza, kisha hawana la kuonyesha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuufuta kwa wote ndani ya saa 60 hivi. Baada ya hapo unafuta kwako tu. Usiandike ufafanuzi mrefu wa kukanusha, maana wasiokuwa na habari wataitafuta. Mwombe aliyeandika kwa ujumbe wa faragha, kwa sentensi mbili, ukitaja kitu kimoja unachotaka kiondolewe. Akikataa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kulimaliza lalamiko.

Ikiwa ni wewe uliyemwanika mwenzako, futa, kisha nenda kwake au umpigie siku hiyohiyo, kabla ya kuandika neno lolote la radhi mbele za watu. Sema ulichokiandika na kwamba umekiondoa. Muulize kama anataka usahihishe hadharani au pabaki kimya. Akitaka usahihishe, andika mistari miwili, usikirudie kisa, na umsomee kabla hujaituma.